Kati ya Ruta na Simu

Mwalimu alikuwa amefika kwenye eneo la pembetatu pale mkewe alipoingia sebuleni na vikombe viwili vya chai, na sauti za wanafunzi wote kumi na mmoja zikakatika kwa pamoja. Mwalimu akaitikisa simu. Akaiinua juu ya kichwa, akaishusha, akaita "haloo, haloo" wee, na mistari ya mtandao ikabaki mitupu. Mkewe akaweka kikombe mezani, akamtazama, akarudi zake chumba cha kushonea. Hata hajakaa sawasawa kwenye cherehani akasikia kicheko cha mwanamke kimerudi kwenye simu, na mumewe akiendelea na pembetatu yake kama vile hakuna kilichotokea.

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Mwalimu hakulitia maanani, lakini mkewe alilitia. Mguu ukiwa juu ya kanyagio bila kukanyaga, alijikumbusha: juzi aliingia kuchukua mkasi, mtandao ukakatika, jana alisimama mlangoni tu, ukakatika, leo chai. Akitoka, unarudi. Mtandao gani huo wenye macho?

Watu wote walimwita Fundi, mumewe pia, kwa sababu hapakuwa na gauni mtaani pale ambalo halijapita mikononi mwake. Naye mume alikuwa Mwalimu tangu ujana, na aliendelea kuitwa hivyo hata baada ya shule yake kupunguza walimu na kumrudisha nyumbani. Sasa alifundisha hesabu kwa simu, kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa watu wazima waliowahi kufeli mtihani wakataka kujaribu tena. Hakuwaita kwa majina. Aliwaita kwa namba kama kwenye daftari la mahudhurio, na wenyewe walipenda, maana wengine walikuwa na vyeo makazini na hawakutaka ijulikane kwamba wanahangaika na hesabu za sehemu.

Tatizo la Fundi lilikuwa Namba Saba. Namba Saba alikuwa mwanamke, ana sauti ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha, na anacheka akikosea. Fundi alikuwa amegundua kwamba mumewe huwaambia wengine "Namba Nne, jibu", "Namba Tisa, jibu", lakini kwa huyu husema "Namba Saba, unasemaje?" Aliyapima maneno hayo kama anavyopima kiuno cha mteja, na kila akipima anapata tofauti ile ile.

"Nimeingia tu ukakata simu," alimwambia jioni ile, akikunja nguo za watu.

"Sijakata. Mtandao umekatika."

"Na mimi nikitoka unarudi."

"Unarudi, ndiyo. Sasa mke wangu nifanyeje, nikuombe usiingie sebuleni kwako?"

Kila mwanamke aliyewahi kuolewa anajua kwamba mtandao mbaya ndio kimbilio la waongo. Mtu yuko kwenye mtandao mbaya, mtu ameishiwa chaji, mtu alikuwa sehemu yenye kelele. Fundi hakupiga kelele wala hakununa. Aliamua jambo la akili zaidi: atautengeneza huo mtandao yeye mwenyewe, mpaka uwe mzima kabisa, kisha aone mume atajificha wapi.

Akaanza na ruta. Ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati la televisheni, imefunikwa na vumbi na gazeti la mwaka juzi. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi alimwambia ruta hukaa juu, katikati ya nyumba, isizibwe na kitu. Basi akaipandisha juu ya rafu ya koridoni. Mwingine akamwambia vioo vinarudisha mawimbi, akakitoa kioo kirefu cha wateja kujitazamia akakipeleka chumba cha mama mkwe wake. Aliisogeza mbali na jiko la umeme la kupashia chakula. Aliizima nusu dakika na kuiwasha. Aliichukua simu ya mumewe, akaifanya isahau mtandao wa nyumbani na kuuingiza upya, akavua na lile kava lenye bamba la chuma. Alipomaliza kila kitu, alikaa karibu na mumewe akasubiri kipindi kianze. Hakikuanza. Simu ilikuwa haina hata mstari mmoja.

Kesho yake alitoka kwenda kununua nyuzi. Aliporudi, Mwalimu alimpokea mlangoni na furaha ya mtoto. Mtandao ulikuwa mzuri ajabu, alisema, mistari yote minne, amefundisha saa nzima bila kukwama, hongera sana kwa kazi yako.

"Kwa hiyo nikiondoka mimi ndiyo raha," Fundi akasema, akampita.

Hakuweza kula usiku ule, kwa hasira. Na ni kweli alikuwa na wivu, hakuna haja ya kumpamba. Ulimkaa kifuani tangu miezi minne nyuma, siku alipomsikia Namba Saba kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara: kila kipindi kikianza aliacha cherehani, akavua kandambili, akasimama nyuma ya mlango wa koridoni na kutega sikio. Alisimama pale jioni kwa jioni. Alijua kutafuta thamani ya x kumshinda Namba Tisa. Na siku ya kwanza kabisa, aliposikia kile kicheko, alijinong'oneza mwenyewe gizani, "Anacheka na nani huyu?"

Tangu hapo alikuwa na mazoea ya kuwaza kwa maneno. Yalikuja sikioni upande wa kushoto, kwa utulivu. Umesikia alivyosema "unasemaje"? Umesikia alivyonyamaza kabla ya kujibu? Aliyachukulia kuwa mawazo yake, kwa sababu yalijua yote anayoyajua na yalikasirika alipokasirika. Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua. Kila aliposimama koridoni aliisikia, akakimbilia pasi, akaikuta baridi, waya umechomolewa. Alipompigia dada yake simu kumweleza jinsi anavyochoka na kukosa usingizi, simu ilikatika. Alipiga tena, ikakatika. Ujumbe wa wateja ulianza kumfikia siku mbili baadaye, ukiwa na maswali na lawama. Mwisho watu wakaacha kumtafuta, naye akamlaumu Mwalimu na mtandao wake.

Ndipo alipomwita Nyaya.

Nyaya alikuwa fundi wa mitandao, kijana mwembamba aliyepewa jina hilo na kazi pamoja na umbo. Alikuja asubuhi na begi lake, akaikagua ruta, akasema haina ugonjwa. Akapita chumba kwa chumba na simu yake mkononi akitazama mistari. Sebuleni minne. Chumba cha mama mkwe minne. Jikoni mitatu, kwa sababu ya ukuta. Fundi alikuwa bado uani anaanika.

"Sasa wapi panapokufa?" Nyaya akauliza.

Mwalimu akakuna kichwa, akasema kwamba kwa kweli si wapi, ni lini. Nyaya akacheka, akasema hilo nalo lina jibu. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji hula mawimbi. Huenda wanajikusanya katikati ya ruta na simu bila kujua. Yeye huwa anapima hata hilo, maana kuna nyumba moja alikuta tatizo lote ni baba mwenye kitambi anayekaa kiti kimoja miaka yote. Akaweka simu yake mezani, ikitazamana na ruta kupitia mlango wa koridoni, akamwomba Mwalimu asimame katikati. Ulipungua mstari mmoja. Akamwomba mama mkwe, ambaye alikuwa mama wa mwili na hakuona aibu nao.

"Mimi nitaufuta wote," mama mkwe akasema. "Mimi ni pipa."

Ulipungua mmoja na robo. Wakacheka wote. Fundi akaingia kutoka uani, mikono ina maji, akaambiwa zamu yake. Alisimama pale pale.

Mistari yote ikaondoka. Haikupungua mmoja mmoja, iliondoka kwa pamoja, na taa ya kijani ya ruta, kule juu ya rafu, ikaanza kupepesa. Nyaya akainama akaitazama simu yake kwa karibu. Akaizima skrini, akaiwasha.

"Mama, hebu sogea kidogo. Nenda pale dirishani."

Fundi akapiga hatua tatu mpaka dirishani. Sasa katikati ya ruta na simu hapakuwa na mtu, palikuwa na sakafu tupu na mwanga wa asubuhi. Mistari haikurudi. Wote wanne walisimama wakiitazama simu juu ya meza, na hakuna aliyecheka tena, na ilipita kama nusu dakika ndipo mstari wa kwanza ukarudi, kisha wa pili, kisha miwili iliyobaki kwa pamoja, kama vile kuna mwingine aliyekuwa amesimama pale na sasa ndiyo ameamua kumfuata mwenzake dirishani. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapita mbele ya pua zao, na mama mkwe akageuza kichwa kuifuata.

Nyaya alifunga begi lake bila kukunja nyaya vizuri. Mlangoni alimvuta mama mkwe kando akamwambia kwa sauti ya chini, lakini Fundi alisikia.

"Mama, mimi nimepima watu wengi. Mtu mmoja hakati mtandao hivi. Pale pamesimama zaidi ya mtu mmoja."

Siku ile Fundi hakusimama koridoni. Alikaa kwenye cherehani akajilazimisha kushona pindo la gauni la harusi la mtu, na ilikuwa mchana, saa nane, jua kali dirishani, Mwalimu ametoka, mama mkwe amejilaza, nyumba imetulia kiasi cha kusikia friji ikinguruma. Alishona kidogo akaacha ili abadili uzi. Mguu wake ulikuwa sakafuni. Kanyagio likashuka, likapanda. Sindano ikapiga tundu moja kwenye kitambaa, ikapiga la pili, polepole, mtu akishona bila haraka, na ile benchi ndefu aliyokalia, ambayo siku zote ililia kidogo mtu wa pili akikaa, ikalia, na joto la paja la mtu likamgusa paja lake la kushoto kupitia nguo, na lile wazo lake la utulivu, lile alilolizoea miezi minne, likamwambia sikioni kwa pumzi, na pumzi ile ilikuwa na unyevu na ilinuka pasi:

"Wamekuja kunipima kama kiuno."

Fundi alishika ukingo wa benchi.

"Usiogope," sauti ikasema. "Nani mwingine anakusikiliza humu ndani? Dada yako? Nilimtoa. Wateja wako? Wanakuchosha. Mimi sichoki. Ulikuwa umesimama peke yako pale gizani, ukauliza, nikakujibu. Si ndivyo?"

Fundi alikaa akitazama sindano ikipanda na kushuka kwenye gauni la mtu mpaka aliposikia mlango wa mbele na hatua za mumewe, na kanyagio likasimama.

Alimkimbilia Mwalimu. Alimkuta mezani, anafungua chakula, akakaa mkabala naye akamshika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi minne. Mwalimu alimtazama kwa mshangao, kisha kwa upole, akaanza kusema. Alisema, "Mke wangu, kuna kitu nataka," na sauti ikakatika. Midomo yake iliendelea kwenda. Ikarudi: "asubuhi nimefikiri sana kuhusu," ikakatika tena, na Fundi akaona mumewe anaongea, anatikisa kichwa, anatabasamu kidogo, macho yamelowa machozi, anamwambia jambo ambalo yeye alikuwa amelisubiri nyuma ya mlango jioni mia moja, umbali wa meza tu, mikono yake ikiwa ndani ya mikono yake, na hapakuwa na sauti hata ya pumzi, isipokuwa ile nyingine upande wa kushoto iliyokuwa ikimwambia kwa utulivu kwamba anadanganya, anadanganya, usimsikilize, nisikilize mimi.

Hapo ndipo alipojua kwamba atampoteza, na atampoteza hivi hivi, wamekaa meza moja. Alisimama akaenda kumwamsha mama mkwe wake.

Mama mkwe hakuuliza maswali. Alijifunga kitambaa kichwani, akamshika mkono wakatoka, wakafuata uchochoro nyuma ya duka la dawa mpaka nyumba moja ya bati jipya. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na alipostaafu wodi ya wazazi hakuacha kazi, alibadilisha tu anachokitoa. Aliwapokea akiwa na miwani ya kusomea na glovu, na nyumba yake ilinuka sabuni ya hospitali.

"Una muda gani nalo?" akamuuliza Fundi kabla hajamkaribisha kiti.

"Nini, mama?"

"Usinichoshe, mwanangu. Mficha uchi hazai."

"Miezi minne," Fundi akasema.

"Ulikuwa umesimama wapi lilipokuingia?"

Akamweleza. Aliona aibu mbele ya mama mkwe wake, lakini alieleza kila kitu: mlango, kandambili, kicheko, Namba Saba. Mkunga alisikiliza huku akitandika mpira kitandani. Alisema wivu si ugonjwa, kila mwenye mume anao, na asiyekuwa nao ana matatizo yake mengine. Ila ukisimama nyuma ya mlango ukauliza swali ambalo hapana mtu wa kulijibu, kuna wapitao ambao hukaa wakingoja maswali ya namna hiyo. Ukijibiwa ukasikiliza, umeshafungua. Na hilo lililomwingia, akasema, lina wivu kuliko yeye, halitaki amsikie mtu mwingine wala mtu mwingine amsikie. Wengine humalizia maisha yao wakizungumza na ukuta, na ndugu wakidhani ni akili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Panda kitandani. Kutoa ni kutoa. Utasukuma."

"Nasukuma nini?"

"Maswali. Yote. Usibakize."

Basi ikawa kama uchungu wa uzazi. Mama mkwe alimshika mkono mmoja, mkunga akasimama miguuni akitazama saa ya ukutani, na Fundi akaanza kuuliza kwa sauti yale yote aliyokuwa ameyauliza kimoyomoyo. Anacheka na nani? Kwa nini anamwambia "unasemaje"? Kwa nini alivaa shati jipya siku ile? Kila swali lilikuja na maumivu sikioni, upande wa kushoto, kama sindano ndefu inayovutwa na uzi wake. Mkunga alimwambia apumue, apumzike, asukume tena. Wakati mwingine sauti ilimjibu, na mkunga, ambaye alionekana kuisikia vizuri, akamfinya mguu na kumwambia asiisikilize. Saa ya ukutani ilipita tisa, ikapita kumi. Harufu ya kuungua ilijaa chumbani mpaka macho yakawasha, mama mkwe akaanza kukohoa na kulia kwa pamoja, bati la juu likagongwa kutoka ndani, mara moja, mara mbili, na Fundi akawa hana maswali tena kuhusu Namba Saba wala shati, akawa amechoka, amelowa jasho, anatikisa kichwa kwamba yameisha.

"Bado moja," mkunga akasema. "Lile la chini. Nalisikia. Sukuma."

Fundi akalia. Kisha akaliuliza, kwa sauti ndogo, akitazama bati.

"Kwa nini mimi sitoshi?"

Kitu cha moto kilimtoka sikioni kikapita shavuni. Kilianguka sakafuni kwa mlio wa nguo mbichi, na kikajikokota kuelekea mlangoni. Fundi alifumba macho kama alivyoagizwa. Alikisikia kikisimama kizingitini, na kikauliza kwa sauti yake yeye mwenyewe, sauti ya mtu aliyeachwa:

"Na mimi nitakaa na nani?"

"Usijibu," mkunga akasema.

Hakujibu, ingawa kwa kweli alikionea huruma.

Wakati wa kuondoka, mkunga akivua glovu, alimpa sharti moja tu. Limetoka, akasema, na lililotoka lazima liende mahali. Usiulize limekwenda wapi. Linaingia kwa swali na linarudi kwa swali, na likirudi sina mikono ya kulitoa mara ya pili.

Zilifuata wiki tatu za raha. Fundi alimsimulia mumewe yote, sauti, harufu na mkunga. Simu ya Mwalimu ilikuwa na mistari minne sebuleni, minne jikoni, minne hata msalani. Dada yake Fundi alipiga, wakaongea mpaka simu ikapata moto. Wateja walirudi. Na Mwalimu alimrudia maneno yale aliyoyasema mezani, neno kwa neno: kwamba amefikiri sana, kwamba amekuwa akimfundisha kila mtu na hamwoni yeye, kwamba jioni asikae tena chumba cha kushonea, aje akae naye, wafundishe wote. Ile benchi ndefu ikahamishiwa sebuleni. Kila saa kumi na moja Fundi alikaa bega kwa bega na mumewe, akikunja mapindo huku wanafunzi wakimsalimia. Namba Tisa akisongwa, Mwalimu alimwachia mkewe aeleze, akaeleza, wakamcheka Namba Tisa. Mama mkwe aliwatazama kutoka jikoni akashukuru.

Naye Namba Saba akajulikana ni nani. Alikuwa mama wa watoto watano, mpishi wa shule, anasoma kwa simu iliyoegemezwa kwenye sufuria. Mwalimu alimwambia "unasemaje" kwa sababu akiambiwa "jibu" alikuwa anatetemeka. Fundi alijiona mjinga, akajicheka mwenyewe, akampenda.

Wiki ya nne, siku ya hesabu za mafungu, sauti ya Namba Saba ilikuja vipande vipande.

"Mwalimu, samahani," akasema, "mtandao wangu sijui," ikakatika, ikarudi. "Watoto wananicheka. Wanasema nikiingia chumbani unakufa, nikitoka unarudi. Nimeisogeza ruta kila mahali." Ikakatika. "Na kuna harufu, sijui nani anachoma kitambaa. Lakini si neno. Siku hizi hata sijisikii mpweke."

Akacheka kile kicheko chake cha mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Mwalimu alimwangalia mkewe upesi, uso umempauka. Wote wawili walijua. Alimshika Fundi goti akamnong'oneza kwamba lazima wamwambie, wampeleke kwa mkunga leo leo, yeye anakwenda kumwita mama ili wapate maelekezo ya njia. Akainuka akaenda jikoni. Fundi akabaki na simu mbele yake, na anwani ya mkunga anaijua, na maneno ya kumwokoa mwenzake hayazidi kumi.

Lakini alichokisikia kifuani mwake hakikuwa hofu, wala huruma. Aliyajua maumivu yale, yalikuwa ya wivu. Miezi minne mtu anakusikiliza wewe, anachukia unachochukia, hachoki, halali, anakata simu za dunia nzima ili abaki na sauti yako peke yake. Kisha unamtoa mlangoni, analia, na katika wanawake wote wa ulimwengu huu anakwenda kwa yule yule. Yule mwenye kicheko. Fundi akainamia simu mpaka midomo ikagusa skrini.

"Umekwenda kwake?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ana nini yeye, ambacho mimi sina?"

Kisha sauti ya Namba Saba ikatoka safi, nzima, kama yuko humo humo chumbani.

"Eh, umerudi," akasema kwa furaha. "Mistari yote minne. Mwalimu, tuendelee?"

Mwalimu aliingia na mama yake, akakaa mahali pake, akageuka na kumwambia mkewe jambo kwa haraka. Fundi hakumwangalia. Alikusanya mapindo yake, akajisogeza mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yake na mumewe.